Yunnan au Fujian: siku kumi zako za China uzipeleke wapi?

Shemeji yangu ni mtu wa Kilwa Kivinje, ana duka la vitambaa Kariakoo, na kila mwaka huenda Guangzhou kufuata mzigo. Miaka yote hiyo hajaiona China. Anachokijua ni maghala, chumba cha hoteli na foleni ya uwanja wa ndege. Safari hii kontena lake litachelewa kupakiwa, kwa hiyo ana siku kumi mkononi, akanipigia: "Shem, wewe umesoma huko. Mmoja ananiambia Yunnan, mwingine ananivutia Fujian. Niende wapi?"

Nilimjibu kwa ujumbe mrefu wa sauti, kisha nikaona niuandike, maana swali hili nimeulizwa na wengi. Nilikaa Kunming, mji mkuu wa Yunnan, miaka minne ya masomo, na Fujian, mkoa wa pwani, nimekwenda mara tatu. Naipenda mikoa yote miwili. Lakini haifanani hata kidogo, na mwenye siku kumi akijaribu kuila yote ataishia kuiona kupitia dirisha la treni.

Kwanza kuna mtu mmoja anayeiunganisha mikoa hii na sisi. Zheng He, jemadari wa merikebu za China zilizofika Malindi karne ya 15, alizaliwa Yunnan mwaka 1371, bara kabisa, mbali na maji ya chumvi. Kwao ni Kunyang, kusini mwa ziwa Dianchi. Familia ilikuwa ya Kiislamu, na baba yake na babu yake wote waliitwa Haji. Majeshi ya Ming, nasaba iliyokuwa ikitawala China, yalipoiteka Yunnan yeye alikuwa bado mtoto. Wakamchukua, wakamhasi, akakulia katika utumishi wa jumba la kifalme. Kati ya 1405 na 1433 aliongoza safari saba za bahari, na merikebu zake zilikuwa zikikusanyika Changle, Fujian, karibu na mlango wa Mto Min, zikingoja pepo za kaskazini-mashariki za miezi ya baridi. Sisi upepo wa namna hiyo tunauita kaskazi. Kwa hiyo Yunnan ni kwao alikozaliwa, na Fujian ndiko alikotweka tanga.

Ukubwa wa ardhi na urefu wa mwendo

Yunnan ina kilometa za mraba zipatazo 394,000, kama theluthi mbili ya Kenya. Fujian ina 124,000 hivi, haifiki hata theluthi ya Yunnan. Watu hawapishani sana: sensa ya 2020 ilihesabu milioni 47 Yunnan na milioni 41.5 Fujian. Hesabu hiyo peke yake inakuambia jinsi Fujian palivyobanana, na bado sehemu kubwa yake ni milima. Wenyeji wana usemi kwamba ardhi yao ni sehemu nane milima, moja maji, moja shamba. Mtu aliyekosa shamba akatazama bahari. Ndiyo maana ukoo wa watu wa Fujian umetapakaa Ufilipino, Malaysia, Singapore na Indonesia, na karibu kila kijiji cha pwani kina nyumba iliyojengwa kwa pesa za mjomba aliyeko ng'ambo.

Yunnan yenyewe ni kama ngazi. Kaskazini-magharibi, kwenye mpaka na Tibet, kuna kilele cha Kawagebo chenye mita 6,740, kirefu kuliko Kilimanjaro, na hakuna binadamu aliyewahi kukifikia. Watibeti wanakiheshimu kama mlima mtakatifu. Ukishuka kusini-mashariki mpaka Hekou, mpakani na Vietnam, uko mita 76 tu juu ya usawa wa bahari, katikati ya migomba. Mito mitatu mikubwa ya Asia, yaani Nu, Lancang na Jinsha, inateremka sambamba kwenye mabonde ya kina kirefu. Lancang ndiyo Mekong huko mbele, na Jinsha ndiyo Yangtze.

Kwa msafiri maana yake ni hii: Fujian inakwenda haraka. Kutoka Guangzhou mpaka Xiamen ni treni ya saa nne au tano, na kutoka Xiamen kupitia Quanzhou mpaka Fuzhou treni za haraka zaidi zinatumia kama saa moja kwa mwendo wote. Yunnan inakula siku. Guangzhou hadi Kunming kwa treni ni kama saa nane, ingawa ndege ni chini ya saa tatu. Kisha Dali saa mbili zaidi, kisha Lijiang, kisha Shangri-La, ambako reli imefika mwaka 2023. Kwenye matuta ya mpunga ya Yuanyang utamalizia kwa basi linalozunguka milima mpaka tumbo lichafuke.

Kuna pia suala la pumzi. Kunming iko mita 1,890, juu kidogo ya Nairobi, huko hutasikia kitu. Shangri-La iko zaidi ya mita 3,200. Nilipofika mara ya kwanza nilipanda ngazi za nyumba ya watawa ya Songzanlin kwa mbio za kijana, nikaishia kukaa chini katikati, kichwa kinagonga na moyo unakimbia. Mwenye presha au ugonjwa wa moyo aishie Dali, na amwone daktari kabla ya kuondoka.

Hali ya hewa nitaisema upesi. Kunming inaitwa mji wa masika ya daima na jina linaustahili, ila mvua ni Mei hadi Oktoba. Fujian majira ya joto ni jasho la Dar es Salaam la Februari, na kuanzia Julai hadi Septemba tufani hupiga pwani na kusimamisha treni na vivuko. Novemba panafaa kote kuwili. Wiki ya kwanza ya Oktoba na siku za Mwaka Mpya wa Kichina usiende popote, maana nchi nzima iko safarini.

Watu wake

Hapa Yunnan haina mpinzani. Serikali ya China inatambua makabila 56, Wahan wakiwa wengi kupita wote, na katika yale 55 yaliyobaki, 25 yana makazi yao ya asili Yunnan. Kila watu watatu wa mkoa huo, mmoja si Mhan. Na si jambo la makumbusho au ngoma za jukwaani tu. Ukipanda basi la asubuhi Dali utakaa karibu na mama wa Kibai aliyevaa kilemba cheupe chenye vishada, amebeba mboga mgongoni kwa kikapu. Kusini, Xishuangbanna, Wadai ni Wabudha wa madhehebu yaleyale ya Thailand, na katikati ya Aprili wanasherehekea mwaka mpya kwa kumwagiana maji barabarani. Kando ya ziwa Lugu, Wamosuo wanahesabu ukoo kwa upande wa mama, nyumba ni ya bibi, na kwa desturi mwanamume humtembelea mwenziwe usiku na kurudi kwa mama yake alfajiri. Wanaxi wa Lijiang makuhani wao wana maandishi ya picha, ya dongba, ambayo bado yanasomwa.

Walionigusa zaidi ni Wahani wa Yuanyang. Mlima wao wameupanga kwa akili: juu kabisa msitu ambao haukatwi, chini yake kijiji, chini ya kijiji matuta ya mpunga mamia kwa mamia, na bondeni mto. Maji yanatoka msituni kwa mifereji. Mfereji unapogawanyika wameweka gogo lililochongwa nafasi kwa juu, moja pana, moja nyembamba, na upana wa nafasi ndio haki ya kila shamba. Nilichuchumaa pale muda mrefu nikitazama maji yakijipima yenyewe. Mtu wa Moshi anayeijua mifongo ya Wachaga ataielewa kazi hii bila mkalimani. UNESCO iliyaorodhesha matuta hayo mwaka 2013. Ukienda kati ya Desemba na Machi utayakuta yamejaa maji, na alfajiri yanang'aa kama vioo.

Fujian wengi ni Wahan, lakini usidhani ni watu wa aina moja. Milima iliwatenga kiasi kwamba mtu wa Fuzhou na mtu wa Xiamen, kila mmoja akisema lugha ya nyumbani kwake, hawaelewani. Inabidi wahamie Kichina cha taifa. Kwa anayejifunza Kichina hili ni jambo la kuzingatia. Lafudhi ya Yunnan ni nzito, ila ni jamaa wa Kichina cha darasani, na baada ya miezi miwili nilikuwa nafuata mazungumzo ya sokoni. Quanzhou, baada ya miaka minne ya Kichina, nilisimama kwenye duka la samaki sikuambulia neno.

Kusini-magharibi mwa Fujian kuna Wahakka na nyumba zao za udongo, tulou, ambazo kwangu ndizo majengo ya ajabu kuliko yote niliyoyaona China. Nyumba moja ni ukoo mzima. Chengqilou, iliyokamilika mwaka 1709, ni duara ndani ya duara, ghorofa nne, vyumba karibu 400. Chini ni majiko, ghorofa ya pili ni maghala ya nafaka, juu ni vyumba vya kulala, na katikati kabisa ukumbi wa mababu. Ukuta wa nje ni udongo ulioshindiliwa, mnene kuliko urefu wa mkono. Mzee mmoja wa pale alinikaribisha chai, akanionyesha jiko la mkewe na la shemeji yake, milango imepakana, akasema kila mtu anajua mwenziwe kapika nini. Nikacheka, maana nilikulia nyumba ya kupanga, vyumba sita, ua mmoja.

Mezani

Kama unakula halali, Yunnan itakupa raha. Wahui, yaani Waislamu wenye asili ya huko China, wako kila mji, na mikahawa yao ina kibao cha kijani chenye maandishi 清真; hifadhi alama hizo mbili kwenye simu yako. Kunming, karibu na msikiti wa Shuncheng, utapata nyama ya ng'ombe iliyokaushwa, niuganba, inayokaangwa na pilipili kavu. Chakula cha kujivunia ni tambi za kuvuka daraja. Bakuli kubwa linaletwa limejaa supu ya kuku isiyotoa moshi hata kidogo, kwa sababu juu umetanda utando wa mafuta unaofunga joto. Siku yangu ya kwanza nilishika kijiko niionje. Mama mwenye mkahawa alinishika mkono: "Subiri kijana, utaungua!" Akanifundisha: kwanza nyama iliyokatwa nyembamba kama karatasi, inaiva machoni pako, kisha yai la kware, kisha mboga, mwisho tambi za mchele. Nimekula hivyo mara nyingi na bado nausikia mkono wake.

Juni hadi Septemba ni msimu wa uyoga wa porini. Upo mmoja, jianshouqing, ukiukata unageuka buluu, na usipoiva vizuri unamfanya mtu aone vitu visivyokuwepo. Mikahawa makini huweka saa mezani na hawakupi vijiti mpaka muda utimie. Watii.

Fujian ni bahari: chaza, ngisi, kaa, vitonge vya samaki vya Fuzhou vyenye nyama ndani. Xiamen wana tambi za shacha, na hilo neno lilirudi na wahamiaji kutoka nchi za Kimalay, kwa maana asili yake ni satay. Tatizo ni mafuta ya nguruwe, yanaingia hata kwenye chapati ya mayai na chaza. Quanzhou ipo mikahawa michache ya Waislamu karibu na msikiti. Kwingine uliza kabla ya kuketi, au shika samaki wa kuchemshwa na wali.

Chai iko kote, ila kwa tabia tofauti. Yunnan wana pu'er, majani makubwa yanayoshindiliwa kuwa mkate wa duara wa gramu 357 na kuwekwa miaka, na zamani yalisafirishwa kwa misafara ya farasi na nyumbu hadi Tibet. Fujian ni nyumbani kwa oolong: Tieguanyin ya Anxi, Da Hong Pao ya miamba ya Wuyi. Wanainywa kwa vikombe vidogo kabisa, kama vile vya kahawa chungu barazani kwetu, na mwenye duka anakumiminia hata kama hununui. Kuna jambo la maneno hapa ambalo halinichoshi kulisimulia. Mataifa yaliyopata majani haya kwa njia ya nchi kavu yalichukua neno "cha", nasi tukalipokea kupitia Waajemi na Wahindi, likawa chai. Waholanzi waliyanunua kwa watu wa Fujian, ambao kwa lugha yao wanasema "te", na ndiko Wazungu wa magharibi walikopata jina lao.

Kwa nini shemeji nimempeleka Quanzhou

Ningekuwa namshauri mwanafunzi mwenye likizo ya mwezi, au mpiga picha, au mkulima wa chai wa Njombe au Kericho anayetaka kuona miti ya chai ya kale ya Mlima Jingmai, ningesema Yunnan bila kusita. Hata aliyechoka na miji ya viwanda ningemwambia Yunnan. Lakini huyu ni mtu wa Kilwa.

Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alifika Kilwa mwaka 1331. Kama miaka kumi na mitano baadaye alikuwa Quanzhou, mji ambao Waarabu waliuita Zaitun. Ukiutembea leo utaelewa kwamba kwake haikuwa dunia nyingine, ilikuwa bahari ileile. Barabarani, katikati ya maduka ya simu, kuna msikiti wa Qingjing, ulioanzishwa mwaka 1009. Lango lake ni refu, la mawe, tao ndani ya tao. Ukumbi wa sala hauna paa tena. Unaingia na kuliona anga, kuta za matale zimesimama, na aya za Qurani zimechongwa ndani ya mihrabu. Maandishi ya Kiarabu ya langoni yanasema ulikarabatiwa karne ya 14 na Ahmad bin Muhammad, mtu wa asili ya Shiraz. Nililisoma jina hilo polepole kwa kidole. Mtu wa pwani yetu halisomi jina la Shiraz akapita hivihivi. Kizimkazi, Unguja, kuna msikiti wenye maandishi ya mwaka 1107, na wazee wa Kilwa nao hutaja Shiraz wanapohesabu nasaba.

Ndani ya uwanja wa hekalu la Kaiyuan kuna jahazi la karne ya 13 lililofukuliwa mwaka 1974 kwenye ghuba ya mji huo. Ngama yake imegawanywa vyumba 13, chombo kikitoboka kimoja vingine visijae. Ndani walikuta miti ya udi, ubani, pilipili na kauri. Pale kijiji cha Xunpu, wanawake wanasuka maua mabichi kuzunguka shungi, na nyumba za zamani zimejengwa kwa magamba makubwa ya chaza. Wenyeji husimulia kwamba magamba hayo yaliletwa na vyombo kama farumi kutoka pwani za mbali, na wapo wanaoitaja Afrika. Sitayaapia, lakini mwambie mtu wa pale unatoka Afrika Mashariki uone atakavyokushika mkono akakuonyeshe ukuta.

UNESCO iliingiza mji huu kwenye orodha yake mwaka 2021, maeneo 22 kwa pamoja, na bado wageni wengi wanaupita kwenda Xiamen na kisiwa cha Gulangyu. Gulangyu ni pazuri, hakuna magari, ila nusu siku inatosha.

Mpango niliompa ni huu: siku nne Quanzhou, mbili kwenye tulou akilala hukohuko, moja Xiamen, moja Changle kuliona jiwe la 1431 ambalo Zheng He aliandika safari zake na kuitaja Mogadishu, mbili za njia. Nimemwonya juu ya malazi, kwa sababu hoteli moja ndogo ilinikataa usiku wa saa nne ikisema haipokei wageni wa nje. Apige simu kabla. Aunganishe pia kadi yake ya benki na Alipay, programu ya kulipia kwa simu, akiwa bado Guangzhou, kwani huko vijijini chenji ya noti ni taabu.

Mwenye siku kumi na nne anaweza kuruka kutoka Xiamen hadi Kunming kwa ndege ya saa tatu hivi, akaishia Kunyang, kwenye bustani ya Zheng He, lilipo jiwe la kaburi la baba yake, Haji, la mwaka 1405. Ukisimama pale unaliona ziwa tu.

Shemeji amekata tiketi ya Quanzhou. Nimemwomba jambo moja: apande mlima Lingshan, mashariki mwa mji, kwenye makaburi ya Waislamu wa kale. Pembeni kuna jiwe dogo linalosema kwamba Zheng He alifika hapo mwaka 1417 kuomba, akielekea Hormuz kwenye Ghuba ya Uajemi, na safari hiyo ndiyo inayotajwa kufika mpaka Malindi. Anipigie picha, maana yangu ilitoka na kivuli cha mti juu ya maandishi.